Kiapo Kilichobaki Mezani

Watu wa umri wangu wakikaa pamoja huzungumzia woga wa vita, na sisi wa Bukavu hatukukosa vita vya kuzungumzia. Lakini woga ninaoujua vizuri kuliko wote haukuwa na bunduki. Ulinipata mchana kweupe, nyumbani kwangu Kadutu, nimevaa nguo ya kanisani, mbele ya mabwana watatu waliokuwa wamevua kofia kwa adabu na kuziweka juu ya magoti. Ilikuwa ile miaka ya mwisho mwisho ya Wabelgiji, ingawa sisi hatukujua kwamba ni ya mwisho. Tuliona watakaa milele.

Mume wangu alikuwa karani mchapaji katika ofisi ya Leta, kama tulivyoiita serikali. Kila asubuhi aliteremka kilima kwenda mji wa Wazungu na suruali iliyopigwa pasi, na kila jioni alipanda tena na viatu mkononi ili mawe ya njia yetu yasivile soli. Majirani walimcheka kwa hilo, naye alicheka pamoja nao, kisha kesho yake akavivua tena. Alikuwa mtu mpole, mwoga kidogo, na nasema hivyo bila kumdharau kwa sababu mimi nilikuwa mwoga zaidi. Duniani alitaka kitu kimoja, nacho ni kadi.

Wajukuu nikiwaeleza habari za kadi hiyo wanafikiri ninatunga. Leta ilimpa kadi hiyo Mweusi ambaye kwa macho ya Leta alikuwa amestaarabika. Mwenye kadi hakulazwa chini kupigwa fimbo kwa kosa dogo. Mwenye kadi alipita mjini jioni bila kuonyesha karatasi ya ruhusa ya bwana wake, na mtoto wake aliweza kuombewa nafasi katika shule ambayo wa kwetu hawakuingia. Mume wangu hakuwa mtu wa makuu. Aliitaka tangu siku polisi alipomsimamisha akitoka kazini, jua limezama kidogo tu, naye amesahau karatasi yake mezani ofisini. Walimkalisha chini kando ya barabara pamoja na wengine, na kijana aliyekuwa akijifunza kuchapa kwake akapita akamwona hapo. Alikaa mavumbini hadi bwana wake alipopita na gari akamtambua. Alipofika nyumbani aliipiga suruali brashi muda mrefu sana kabla ya kusema.

"Mama, ile kadi nitaitafuta," aliniambia. Tulikuwa na mtoto mmoja wa kike, bado ananyonya, kwa hiyo yeye aliniita Mama nami nikamwita Papa. "Ata ikiwa miaka kumi, nitaitafuta."

Haikuchukua kumi. Ilichukua miwili ya kuandika barua, kisha tukaambiwa kwamba tume itakuja kuikagua nyumba. Na hapo mimi ndipo nilipoanza kukosa usingizi, kwa sababu aliyekaguliwa hasa alikuwa mwanamke. Walifungua choo. Waliinama chini ya kitanda. Waligeuza sufuria kuona upande wa nje. Waliuliza kama mke anakula mezani pamoja na mumewe au jikoni na watoto, kama anashika uma au anakula bugali kwa mkono, kama mama mkwe analala humo. Tuliyajua yote hayo kwa sababu kila nyumba iliyokwisha kukaguliwa ilisimulia nyingine, na tulipokutana kushona kwa mademoiselle, mwalimu wetu Mzungu, wanawake wa makarani hatukuwa na mazungumzo mengine. Mmoja wetu alinyimwa, tuliambiwa, kwa sababu ya kuku aliyeingia sebuleni.

Nyumbani tulikuwa na uma mbili, moja imevunjika jino. Jirani yangu, mama mmoja wa Kirega ambaye sikuwahi kumwona akimwogopa mtu, akaniletea sita zinazong'aa, zimefungwa katika kitambaa.

"Kamata hizi," alisema. "Usiniulize zinatoka wapi. Bakishaenda tu, unanirudishia mbio mbio."

Wiki moja kabla ya siku yenyewe, mume wangu alirudi na karatasi. Alikuwa ameichapa mwenyewe, maneno ya Kifaransa juu, ya Kiswahili chini. Tume ya kwetu ilitaka, baada ya kukagua, mume na mke wasimame mmoja mmoja, wanyanyue mkono, waape kwa sauti. Sijui kama tume za miji mingine zilifanya hivyo. Ya kwetu ilifanya, na hakuna katika sisi aliyewahi kulizungumzia, maana lilikuwa jambo la dakika moja baada ya choo na sufuria. Maneno ya Kiswahili yalikuwa machache: Ninaapa mbele ya Mungu na mbele ya bendera kuwa mwaminifu kwa Mfalme wa Wabelgiji. Simjui bwana mwingine juu yangu.

Niliyasoma nikiwa nimesimama jikoni. Nikayasoma tena. Nikaiweka karatasi kwenye rafu, nikaendelea kuchagua maharage.

Lazima niseme habari za baba yangu, la sivyo mtaniona mkaidi tu. Baba alikaa kilimani, upande wa Kabare, katika migomba yake. Ardhi ya kwetu hukununua. Ulimpa mwami, mtawala wetu, ng'ombe, akakupa kilima chako, na tangu hapo wewe na nyumba yako mlikuwa watu wake. Mimi nilipokuwa bado mdogo sana, Wazungu walimwondoa mwami wetu wakampeleka mbali, nchi ambayo hata lugha yake hatukuijua, wakaweka mwingine. Wanaume wa kilima chetu wakaitwa wapite mbele ya meza, askari wamesimama, kila mmoja aseme kwa mdomo wake kwamba hamjui bwana mwingine isipokuwa huyu aliyewekwa. Baba alikuwa na mke na watoto watano. Alisema, akarudi nyumbani salama.

Lakini hakunywa tena na watu. Kwetu kasiksi, pombe ya ndizi, hunywewa kwa mrija, chombo kimoja, mrija mmoja, mdomo baada ya mdomo. Mtu aliyelivunja neno lake akitia mdomo katika mrija huo, inasemwa anawaletea wenzake tumbo la kuvimba. Hakuna aliyemfukuza baba. Wanaume wengine walisema maneno yale yale mbele ya meza ile ile na jioni wakanywa pamoja kama kawaida. Yeye ndiye aliyejifukuza. Kila arusi na kila matanga ya utoto wangu nilimwona amekaa pembeni na kikombe chake cha bati, akicheka watu walipocheka, na hakuna aliyekaa karibu naye. Nilimwonea aibu, kusema kweli. Nilitaka baba kama wa wengine.

Asubuhi ya siku ya kuozwa kwangu alinivuta nyuma ya nyumba. Alisema kwa Mashi, lugha ya kwetu, nami naandika kwa Kiswahili: mdomo wake ulitoa neno ambalo moyo haukuwa umeupa, na nisije nikafanya kama yeye hata nikiogopa. Nikaitikia. Bibi arusi huitikia kila kitu siku hiyo, hata asichokisikia. Mimi nilikisikia.

Basi wiki ile nilijaribu kuwa mtu mwenye akili. Nilijiambia kwamba baba yuko kilimani na mimi niko mjini, kwamba yale yalikuwa mambo ya mwami na haya ni mambo ya kadi, kwamba Mungu anajua moyo wa mtu. Nilijaribu kuyasema maneno nikiwa peke yangu. Ya kwanza yalitoka vizuri. Mfalme sikuwa na ugomvi naye, nilimjua kwa picha ya ukutani tu. Nikifika pa kusema simjui bwana mwingine, nilimwona baba na kikombe chake, nikaishia hapo. Nilifikiria kwenda kuungama ili padri anishauri, kisha nikakumbuka kwamba padri huyo huyo yumo katika tume. Mwishowe nikaamua nitayamung'unya, watasikia wanavyotaka kusikia.

Mume wangu sikumwambia neno. Hapo ndipo kosa langu lilipo, na silipambi. Alikuwa akirudi kutoka kazini anapaka chokaa ukuta wa choo, anaimba kwa sauti ndogo, na kila nilipotaka kufungua mdomo niliona jinsi atakavyoacha kuimba.

Walikuja saa nane mchana. Bwana wa Leta alikuwa kijana mwenye miwani, padri ndiye wa parokia yetu, na wa tatu alikuwa mzee wa kwetu, mganga wa hospitali, mmoja wa wachache waliokwisha kupata kadi. Mtoto nilikuwa nimempeleka kwa jirani. Walifungua choo. Waliinama chini ya kitanda. Bwana aligeuza sufuria yangu kubwa, akainamisha kichwa kwa kuridhika. Kisha wakakaa mezani nikawatilia kahawa. Uma sita zilikuwa zimepangwa kando ya sahani. Yule mzee akainua moja, akaigeuza, akaitazama nyuma ya mpini palipokuwa na mkwaruzo, kisha akanitazama mimi. Nikaelewa papo hapo. Uma zilikuwa zake. Mke wake ndiye aliyezikopesha kwa mlango wa nyuma, bila yeye kujua, na kwa jinsi alivyouma mdomo nadhani hiyo haikuwa nyumba ya kwanza kuzikuta. Akairudisha uma mahali pake polepole, akasema kwa Kifaransa kwamba nyumba hii inatunzwa vizuri.

Nikapumua. Nikadhani hatari ya siku imepita.

Bwana akatoa mfukoni bendera ndogo yenye kikalio chake, akaisimamisha katikati ya birika na sahani. Mume wangu akasimama, akafunga kifungo cha koti, akanyanyua mkono, akaapa kwa Kifaransa bila kutazama karatasi. Alisema vizuri sana. Padri alitabasamu. Kisha wote wanne wakanigeukia.

Nilisimama. Nilishika ukingo wa meza. Karatasi niliishika kwa mkono wa pili. Nilifungua mdomo ili nimung'unye kama nilivyoamua.

"Sauti, tafadhali," alisema Bwana kwa Kiswahili chake kizuri.

Nikafunga mdomo. Nilijua kwamba nikianza nitafika mwisho, kwa sababu watu wanne wananitazama na mimi si mtu wa kuachia njiani. Nikajikuta nimeirudisha karatasi mezani.

"Bwana, siwezi kusema haya maneno."

Mume wangu alinitazama kwa uso wa mtu ambaye hajasikia vizuri. Mzee wa hospitali ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, na alisema kwa Kiswahili ili nami nisikie na nikamate njia aliyonifungulia.

"Anaogopa tu, Bwana. Babibi ba huku habajazoea kusema mbele ya bazungu."

"Basi asiogope," Bwana alisema. "Tutangoja."

Wakangoja. Alikuwa mpole kabisa, na upole ule ulinitisha kuliko kama angepiga meza. Kwa jirani mtoto wangu akaanza kulia, kilio cha njaa, na maziwa yakanitoka. Niliyahisi yakilowesha nguo ya kanisani, upande wa kushoto, kisha wa kulia, mbele ya padri, na sikuthubutu hata kukunja mikono kifuani.

"Ninaogopa kweli, Bwana," nikasema. "Lakini ata kama siogope, siwezi kusema."

"Kwa nini huwezi?"

Niliisukuma karatasi upande wake.

"Nani alikufundisha kukataa?"

"Hakuna mutu, Bwana."

Padri aliinama mbele. "Mwanangu, wewe umeingia katika dini ya wale wanaokataa Leta?"

Hapo mume wangu alishika kiti. Wote tuliwajua watu hao kwa kusikia. Waliokataa kuisalimu bendera kwa sababu ya dini yao walipandishwa lori wao na wake zao na watoto, wakapelekwa mbali kukaa chini ya ulinzi, na barua zao hazikufika. Nilimwambia padri kwamba mimi ni mkristo wa parokia yake, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyembatiza mtoto anayelia pale nje. Bwana aliandika kitu katika daftari. Kisha wakavaa kofia, wakatuaga mmoja mmoja kwa mkono. Bendera waliichukua. Karatasi waliiacha mezani, na nadhani iliachwa makusudi.

Jirani alikuja na mtoto, akatutazama, akafunga zile uma katika kitambaa bila kuuliza lolote. Mume wangu alivua koti, akaketi.

"Mama, umeniua," alisema.

Siku tatu hakuniambia kingine. Alikula nje, juu ya jiwe, mgongo kwetu. Mimi nilisikiliza barabara. Kila lori lililopanda kilima niliona linakuja kutuchukua sisi, na kila lilipopita nilikaa chini. Nilikuwa nimefunga nguo za mtoto katika furushi, nimelificha nyuma ya gunia la makaa. Na palikuwa na woga mwingine chini ya huo. Mume wangu angeweza kunirudisha kwetu, na katika Kadutu nzima asingepatikana hata mtu mmoja wa kumlaumu.

Siku ya nne ikaja karatasi ya kutuita ofisini, wote wawili. Alikuwa akipiga pasi suruali yake mwenyewe, kazi ambayo siku zote ilikuwa yangu, na nikaona nisiposema sasa sitasema tena. Nikamweleza yote, meza ya askari, kikombe cha bati, asubuhi ya kuozwa kwangu. Hakunikatiza. Pasi ilibaki juu ya kibati chake mpaka makaa yakawa majivu.

"Juu ya nini haukuniambia mbele ya ile siku?"

"Niliogopa, Papa."

"Na sasa tutasema nini kule?"

Hilo ndilo lilikuwa swali, na tulilizunguka mpaka tukachoka. Nikisema sababu, jioni haitafika kabla askari hawajapanda kilima kumchukua baba, mtu wa mwami aliyefukuzwa, anayefundisha watoto wake kukataa. Nikisema nilikuwa mgonjwa, watanipa karatasi ile ile niisome sasa kwa kuwa nimepona. Nikinyamaza, mimi ni wa dini ya kukataa Leta, na mume wangu pamoja nami.

"Ni dakika moja tu, Mama," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kuomba. "Unasema, inaisha. Baba yako hatajua."

"Mimi nitajua."

Akaweka suruali chini, akatoka.

Ofisi yenyewe ilikuwa katika jumba alimofanyia kazi. Tulipita katikati ya chumba cha wachapaji, na mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine tulivyopita. Yule kijana aliyemwona kando ya barabara alikuwa hapo. Mume wangu alitembea akitazama mbele, na nilimhurumia kiasi cha kutaka kulia, nikakumbuka kwamba anayemtesa ni mimi.

Bwana alitukaribisha viti. Alisema amesoma kazi ya mume wangu ya miaka yote na hakuona doa. Alisema hapendi kuharibu maisha ya mtu wa namna hiyo kwa sababu ya mwanamke asiyeelewa. Kwa hiyo ametafuta njia. Mume ndiye kichwa cha nyumba, hata kanisa linasema hivyo. Basi mume asome kiapo kwa niaba ya mke wake, itaandikwa kwamba nyumba nzima imeapa, kadi itatoka, na mambo ya dini na ya lori yatafungwa leo. Akamsogezea karatasi. Ilianza: Mimi, kwa mdomo wa mume wangu.

Nitasema ukweli, maana sina wa kumdanganya tena. Nilitaka aisome. Moyo wangu wote uliruka kwa furaha. Mdomo ungekuwa wake, mimi ningekuwa sikusema kitu, baba angebaki katika migomba yake na mtoto wangu angebaki na nyumba. Nilimtazama mume wangu nikimwomba kwa macho, soma, soma upesi, twende.

Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akanyanyua mkono. Alisoma kwa sauti nzuri, ile ile ya nyumbani. Mimi, kwa mdomo wa mume wangu, ninaapa mbele ya Mungu na mbele ya bendera kuwa mwaminifu kwa Mfalme wa Wabelgiji.

Akanyamaza.

"Endelea," alisema Bwana.

Mume wangu aliitazama karatasi. Jasho lilimtoka puani likadondoka juu ya koti. "Bwana, nimepoteza mustari."

Bwana alinyoosha kidole akamwonyesha. Kidole kilikuwa juu ya neno lenyewe, hata mimi niliyekaa mbali niliona.

"Siuone, Bwana."

"Hapa."

"Siuone."

Ilikwenda hivyo mpaka mara ya tatu. Mkono aliounyanyua ulikuwa bado juu, na hakuushusha mpaka Bwana alipoichukua karatasi taratibu kutoka mkono wa pili na kuikunja. Hatukukaripiwa. Tuliambiwa twende nyumbani, na katika chumba cha wachapaji mashine zilianza kulia tena nyuma yetu. Njiani kupanda kilima hakuvua viatu. Nilimfuata hatua mbili nyuma nikiogopa kusema, na yeye nadhani aliogopa nitasema.

Lori la kutuchukua kwa nguvu halikuja. Nililingoja majuma mawili, na sikumsimulia mtu yeyote jinsi nilivyolingoja. Kilichokuja ni barua ya kumhamisha kwenda Shabunda, msituni, kwenye kituo kidogo, na kadi haikutajwa tena. Barua hiyo alipewa aichape mwenyewe, nakala tatu. Aliniletea moja niione. Ilikuwa ndefu, kurasa mbili zilizojaa, na hapakuwa na herufi iliyofutwa wala mstari uliorukwa.

Tulikaa Shabunda miaka mingi, hata baada ya bendera ya Wabelgiji kushushwa. Watoto wetu wengine wanne walizaliwa huko, na shule waliyosoma ilikuwa ya nyasi. Baba yangu hakuguswa na mtu. Mimi nilibaki na woga wangu. Hata leo mtu akija mlangoni na karatasi mkononi, awe ni wa kuhesabu nyumba au wa kuuza bima, ninarudi nyuma hatua moja kabla hajasalimu.

Mume wangu hakukubali kamwe kwamba alikataa. Mara moja tu nilimuuliza, tulipokuwa wawili, kwa nini alifanya vile, akanijibu kwa hasira kwamba hakufanya kitu, macho yake yalipoteza mstari kwa woga, basi. Watoto walipokua wakaisikia habari hii aliwaambia vivyo hivyo: mama yenu ndiye aliyekataa, mimi sikuona vizuri. Aliwaambia hivyo mpaka uzeeni, na kila alipomaliza alinitazama kuona kama nitambishia. Sikumbishia. Nilimpa chai yake, nikakaa karibu naye.